Muulize Mama Faru: Jambia la babu, hasira za mkulima na mgeni wa jirani

Kila Septemba barua huongezeka, kwa sababu tarehe 22 ni Siku ya Faru Duniani na redio zote hukumbuka kwa mpigo mmoja kwamba mnyama huyu yupo. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa afisa wa ujirani mwema hifadhini hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na jenereta, projekta na shuka jeupe la kuonyeshea picha, nikizungumza na watu wanaoishi mpakani. Jina la Mama Faru nilipewa na watoto wa shule. Hata sokoni Same wauza nyanya wananiita hivyo, nimeshazoea. Tuingie kwenye barua.

Assalamu alaykum, Mama Faru. Marehemu babu yetu alikuja Mombasa kutoka Hadhramaut akiwa kijana. Katika sanduku alilotuachia mna jambia lenye mpini wa kipusa, yaani pembe ya faru, alilokuwa akilivaa harusini. Kaka zangu wawili wanabishana. Mmoja ameshatuma picha WhatsApp, kuna mtu wa Dubai analitaka. Mwingine anasema ni kumbukumbu ya ukoo, lisitoke. Mimi naogopa kulala nalo nyumba moja. Tufanye nini?
*Binti wa Mji wa Kale, Mombasa*

Waalaykumu salaam, binti yangu, na poleni kwa msiba. Hofu yako ina akili kuliko ubishi wa kaka zako wote wawili.

Nianze na huyo wa Dubai. Mtu asiyemjua babu yenu, akaona picha kwenye simu na kutaka kununua kipusa, ni mmoja kati ya wawili: mfanyabiashara wa magendo au askari kanzu. Sioni ni yupi kati yao ungependa abishe hodi. Mwambie kaka yako picha isizunguke tena na mazungumzo yaishe leo.

Kisheria, Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978. Mwaka huohuo wa 1977 faru wote waliwekwa kwenye orodha ya juu ya mkataba wa CITES, ile inayokataza biashara ya kimataifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, kwa makosa ya nyara za wanyama walio hatarini kutoweka. Vifungu vyake vimeguswa tangu hapo, lakini kukaa na kipusa bila kibali bado ni kesi. Kwamba babu alikinunua kwa halali zama zake si kibali cha leo.

Kwa hiyo: msiuze, msitume kwa basi wala kwa mtu, na usilitie kwenye mkoba ukavuka nalo kivuko cha Likoni eti unakwenda kuuliza. Liacheni lilipo. Tafuteni wakili kwanza, aandike barua kwa ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kueleza ni kitu gani, kilikuwa cha nani na kimepatikanaje, waje wao au wawaelekeze. Anayejitokeza mwenyewe na barua ya wakili huonekana tofauti na anayekutwa nacho kwenye msako. Huyo kaka wa kumbukumbu naye asikate tamaa. Ulizieni kama chuma chenyewe kinaweza kubaki kwenu, kwa kuwa mpini ndio wenye kesi. Huko Yemen kwenyewe siku hizi mafundi wanatia mipini ya pembe ya nyati wa maji au ya plastiki, na harusi zinafungwa.

Simsemi vibaya marehemu. Ila ni vyema wajukuu wajue lile jambia lilipita njia gani. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, vijana wa Yemen ya Kaskazini walimiminika Saudia kufanya kazi. Wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka mpini wa kipusa, kitu ambacho zamani kilikuwa cha masharifu na watu wenye vyeo. Kipusa kizuri huzidi kung'aa kadiri mkono unavyokishika miaka nenda miaka rudi, kikapata umanjano unaopitisha mwanga. Ndiyo fahari yake. Mzigo huo ulitoka kwetu. Kenya ilikuwa na faru weusi kama 20,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hawakufika 400. Yemen ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, lakini mbuga zetu zilikuwa zimeshabaki na nyayo za kuhesabu.

Shikamoo Mama. Kwa nini faru wote wasikatwe pembe wakae salama, maana inaota tena? Na je, kweli haina dawa yoyote? Huku mtaani wanasema Wachina wanaitumia kwa nguvu za kiume.
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hilo la nguvu za kiume tulimalize haraka, kwa sababu kila nikilitaja mikutanoni wazee hucheka na kukohoa. Katika tiba ya jadi ya Kichina kipusa kilikuwa dawa ya homa. Habari ya kitandani imesambazwa zaidi na sisi tulio nje kuliko na waganga wao, na kila tunapoirudia tunampa mwuzaji tangazo la bure.

Pembe ya faru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu, kitu kilekile cha kucha na nywele zako. Watafiti wa Hong Kong mwaka 1990 waliwapa panya wenye homa dozi kubwa mno, mara nyingi kuliko ile anayopewa mgonjwa, na homa ikashuka kidogo. Pembe ya nyati wa maji nayo ikafanya vivyo hivyo. Panadol ya dukani inashusha zaidi na haihitaji maiti. China yenyewe iliiondoa kwenye orodha ya dawa zake mwaka 1993.

Vietnam ndiko uvumi ulikofanya kazi mbaya zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 ilienea habari kwamba mwanasiasa mmoja aliponywa saratani kwa kipusa. Jina lake halikupata kuthibitishwa na mtu. Wenye fedha wakaanza kukisaga kwenye visahani vya udongo vyenye uso wa kukwaruza, wakichanganya na maji, wengine kuondoa uchovu wa pombe, wengine kumwonyesha mgeni kwamba nyumba ina uwezo. Sasa tazama Afrika Kusini: mwaka 2007 waliuawa faru 13. Mwaka 2014 waliuawa 1,215. Vietnam ilikuwa na faru wake wa porini, wa jamii ya Java. Wa mwisho alikutwa amekufa katika hifadhi ya Cat Tien mwaka 2010, ana risasi mguuni na pembe imekatwa.

Tuje kwenye kukata. Namibia ilianza mwaka 1989, kwa hiyo wazo lako ni la siku nyingi na si la kipuuzi. Utafiti uliotoka mwaka 2025 kuhusu hifadhi za eneo la Kruger, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba palipokatwa pembe, ujangili ulishuka kwa asilimia 78. Hakuna mbinu nyingine iliyokaribia hapo kwa gharama ileile.

Lakini usidhani ni kama kumnyoa mbuzi. Mnyama wa tani moja hupigwa sindano ya usingizi, mara nyingi kutoka kwenye helikopta. Akilala, kila mtu ana dakika zake. Mmoja anamfunga kitambaa machoni, mwingine anamziba masikio kwa soksi, daktari anahesabu pumzi, na mwenye msumeno wa mashine anakata juu ya ule mstari pembe inapoanzia kuota. Akishuka chini ya hapo anakata nyama hai. Vumbi la pembe huruka na linanuka nywele zilizoungua. Kisha kisiki kinasuguliwa, sindano ya kumwamsha inachomwa, na watu wanakimbilia gari. Mwaka mmoja na nusu au miwili baadaye unarudia yote, maana imeota. Hesabu helikopta hiyo kwa faru waliotawanyika kwenye vichaka vya miiba, halafu uniambie wilaya gani ina bajeti.

Kisiki nacho kina thamani, na wapo majangili waliomwua faru kwa ajili ya kisiki tu. Faru weusi waliokatwa pembe wameonekana pia kupunguza eneo lao la kuzunguka karibu nusu, kama walioingiwa na woga wa wenzao. Maoni yangu ni haya: pale ambapo moto umewaka, kata. Pale ambapo wachache wako ndani ya uzio na askari wanawajua kwa majina, fedha hiyo nunua viatu, redio na mafuta ya doria.

Mama, kilo moja ya kipusa ni shilingi ngapi? Nauliza kwa kujua tu.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Siandiki. Gazeti likiandika bei, kuna kijana asiye na kazi analikata na kulitia mfukoni. Nitakuambia tu kwamba bei mnayoisoma ni ya mnunuzi wa mwisho, huko Asia. Anayefuata nyayo porini hajawahi kuiona hata robo yake.

Mama Faru, nakukumbuka, ulikuja kijijini kwetu na projekta. Ulituambia faru ni mali yetu. Msimu uliopita tembo walimaliza mahindi yangu ekari mbili usiku mmoja. Nimejaza fomu, sijalipwa hadi leo. Huyo faru mali yetu ananipa nini? Yeye ana uzio, maji na askari wa kumlinda usiku. Shamba langu analilinda mke wangu kwa kupiga debe.
*Mkulima, Wilaya ya Same*

Ndugu yangu, shikamoo ya shemeji yangu mpiga debe uipokee kwa niaba yake. Sitakudanganya: faru hakupi kitu mkononi. Nilisema ni mali yetu, na bado nasema, lakini mali ya wote ina ubaya wake, kwamba hakuna anayeona gawio lake.

Kuhusu fomu. Kinachotolewa kwa mazao kinaitwa kifuta jasho, na kiasi chake kinategemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Si fidia ya hasara yako yote, na watu wengi hawaambiwi hivyo wanapojaza. Fomu nyingi hukwama kwa sababu mtathmini alifika mwenye shamba akiwa ameshavuna mabaki au ameshalima upya. Safari nyingine usiguse shamba. Piga picha zinazoonyesha nyayo na mabua, mwite mwenyekiti wa kitongoji aone kwa macho yake, na omba nakala ya fomu yenye mhuri. Hii ya sasa, nenda na nakala ofisini uulize imefika hatua gani, na kama kuna wenzako nendeni pamoja. Mmoja mmoja mnarudishwa mlangoni. Ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Kenya, Sagalla karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya nyuki wanatoka, na asali inauzwa. Hili nawashauri mlipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, mwombe mizinga badala ya fulana za kampeni.

Na huyo faru wa ndani ya uzio hana ugomvi na mahindi yako. Anakula majani na vitawi vya vichaka. Ukipita alikokula utaona vijiti vimekatwa kwa mshazari, safi kama kwa mkasi wa bustani. Wale wa Mkomazi, hifadhi yetu ya huku, wana historia inayofanana na ya watu wengi wa huku. Miaka ya 1960 faru wa Kenya walipelekwa hifadhi ya Addo, Afrika Kusini. Mwaka 1997 uzao wao ukaletwa Mkomazi, mahali ambapo faru wa asili walikuwa wameuawa wote. Wengine wakafuata baadaye kutoka bustani za wanyama za Jamhuri ya Czech na Uingereza. Jike hubeba mimba miezi 15 hadi 16 na huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka miwili mitatu kabla ya mwingine. Ukiua jike mmoja umeua hesabu ya miaka 20. Ndiyo sababu ya uzio. Tanzania nzima leo tuna faru weusi zaidi ya 200, idadi kama ya mbuzi wa kijiji kimoja.

Neno moja la mwisho kwako, na usinikasirikie. Hasira yako ni ya haki. Lakini wapo watu wanaozunguka baa za mpakani wakitafuta mtu mwenye hasira hiyohiyo, wamkalishe, wamwagizie nyama choma, wamwambie, "Hawa wanyama wamekutesa, wewe unapata nini?" Barua ya mwisho ya leo itakueleza wanachotaka.

Mwalimu amesema faru ni kipofu. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa darasa la nne, Dodoma*

Si kipofu, mjukuu wangu, ila macho yake ni dhaifu. Ukisimama kimya mbali kidogo anaweza asikutambue. Pua yake ndiyo macho yake, na masikio yanageuka kila moja upande wake. Mgongoni ana wale ndege wanaokula kupe, askari wa kifaru, ambao wakimwona mtu hupiga kelele, na faru akisikia hugeuka kuelekea upande upepo unakoelekea, ambako pua haimsaidii. Msalimie mwalimu.

Mama, usinitaje mahali nilipo. Jirani yangu aliacha bodaboda ghafla, sasa ana simu mpya. Kuna mgeni anakuja na gari usiku, analala kwake, anaondoka alfajiri. Wiki iliyopita jirani aliniuliza shemeji yangu, ambaye ni askari wa hifadhi, huwa anaingia zamu saa ngapi na faru wanakunywa maji wapi kiangazi hiki. Alinionyesha meseji za ahadi ya fedha. Nikisema nitaitwa msaliti. Nina watoto.
*Mwenye wasiwasi*

Mdogo wangu, nimebadilisha mambo mawili matatu katika barua yako ili hata jirani akiisoma asijione. Nimeiweka mwisho kwa sababu hii ndiyo barua niliyokuwa naisubiri tangu nianze ukurasa huu.

Mabango yetu ya uhamasishaji huandikwa "Pembe si dawa". Ni kweli, lakini nani hapa kwetu anainywa? Hakuna. Sehemu yetu katika biashara hii ni kumpokea mgeni. Jangili kutoka mbali hajui korongo lipi lina maji Septemba, wala njia ipi doria haipiti baada ya saa nane usiku. Bila mwenyeji anazunguka na bunduki hadi chakula kimwishie. Kwa hiyo ananunua mwenyeji, na wenyeji ni rahisi mno: simu, mafuta ya pikipiki, deni la ada ya shule. Unyayo wa faru, vidole vitatu vipana, kila mchunga ng'ombe wa huku anaujua. Hicho ndicho kinachouzwa.

Kazi ikifanyika, hufanyika haraka. Risasi, kisha shoka usoni, na si mara zote mnyama amekwisha kufa. Mzigo huondoka kabla tai hawajashuka. Hupita mikono kadhaa, kila mmoja akimjua anayemfuata tu. Julai 2019 maofisa wa uwanja wa ndege wa Hanoi walivunja mzigo wa plasta na kukuta ndani vipande 55 vya pembe, kilo 125. Fikiria ni wenyeji wangapi walimlaza mgeni hadi kilo hizo zikatimia.

Wakikamatwa, hukamatwa wa chini. Hapa Tanzania kesi hizi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na kifungo ni miaka 20 hadi 30. Mwenye gari ana wakili. Jirani yako atakuwa na mke anayeuza kuku kupata nauli ya kwenda gerezani. Na shemeji yako yumo kwenye hesabu yao. Anayeuliza zamu ya askari anataka kujua atakutana na nani gizani, na askari wa wanyamapori wameshauawa kwa taarifa kama hiyo.

Usiende ofisi ya kijiji. Huenda mwenyekiti ni mtu safi, lakini ofisi ina dirisha na benchi la nje lenye masikio. Usimpigie shemeji simu pia. Mwache aelezwe na wakubwa zake, kwa sababu akijua peke yake atataka kwenda kumshika mtu shati. Nenda mjini, omba kuonana na mkuu wa hifadhi mwenyewe au mkuu wa upelelezi wa wilaya, na sema hutaki jina lako liandikwe kwenye kitabu cha wageni. Toa namba ya gari, siku alizokuja, na maneno aliyokuuliza jirani kama ulivyoyasikia, bila chumvi. Usijifanye mpelelezi. Usimwombe jirani akutumie zile meseji, na usianze ghafla kumtembelea kila jioni.

Kuhusu usaliti: hadi sasa jirani yako ameuliza maswali tu. Akifikiwa mapema anaweza kuwa shahidi. Akifikiwa baada ya mlio wa risasi ni mshitakiwa, na wewe uliyeonyeshwa meseji utaulizwa ulikuwa wapi. Siwezi kukuahidi kwamba atakushukuru.

Usiende siku ya kawaida. Nenda siku ya mnada, kila mtu anapanda basi na vikapu, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.